Lushoto: Mji wa kijani unaotunzwa kwa jembe

GARI linapoiacha barabara kuu ya Chalinze hadi Arusha pale Mombo na kuanza kupanda, abiria aliyetoka Dar es Salaam hutafuta sweta lake. Katika kilometa zipatazo 33, barabara hupanda takriban mita 1,000, ikipita Soni na maporomoko yake ya maji, hadi kuufikia mji wa Lushoto katika Milima ya Usambara, mkoani Tanga.

Kwa wakazi wengi wa miji mikubwa, Lushoto ni picha ya maisha waliyoyakosa: hewa safi, mboga mbichi na ofisi ambayo mtu huifikia kwa miguu. Picha hiyo si ya uongo, bali haijakamilika. Ukijani wa mji huo haukushuka wenyewe pamoja na mvua. Unatunzwa kwa kazi, na kazi hiyo hufanywa na watu ambao wengi wao hawaishi mjini.

Hali ya hewa ndiyo iliyouzaa mji wenyewe. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao, Wilhelm wa Pili, wakaufanya kituo cha utawala na kimbilio la joto la pwani. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, safari ya kuufikia ikawa nyepesi zaidi. Lakini milima ilikuwa na dola yake kabla ya hapo. Katika karne ya 19, Kimweri ye Nyumbai wa ukoo wa Wakilindi aliitawala nchi ya Wasambaa kutoka Vuga.

Leo ajira za mshahara mjini hapo zinahesabika. Ziko ofisi za serikali, shule, hospitali, taasisi za dini na nyumba za wageni wanaokwenda kutazama tambarare kutoka kwenye genge la Irente. Kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambacho huwaleta mjini wanafunzi na watumishi wa mahakama. Kipo pia kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania.

Hata hivyo, mzunguko mkubwa wa fedha huanzia kwenye miteremko. Kabeji, karoti, nyanya, viazi mviringo na mapeasi hushuka Mombo kwa malori kwenda Tanga na Dar es Salaam. Mkulima akiuza vizuri, hupata kazi pia fundi cherehani, muuza duka na mwenye bodaboda.

Hapo ndipo udhaifu wa kwanza unapoonekana. Tegemeo kuu la mji kuifikia barabara kuu ni ile njia ya Soni, iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Mvua kubwa zinapoangusha mawe na udongo, malori husimama. Nyanya haina subira: siku chache za kusubiri hutosha kuligeuza zao kuwa hasara.

Udhaifu wa pili ni ardhi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 katika Wilaya ya Lushoto, ikiwa ni pamoja na eneo la Bumbuli. Shamba la babu hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi kila mmoja anabaki na vipande vidogo. Wasio na cha kugawana huteremka kutafuta maisha mijini, ilhali wakazi wa mijini huitamani milima hiyo hiyo.

Udongo wenyewe una historia ya uchungu. Miaka ya 1940 na 1950, serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Lengo lilikuwa na mantiki, lakini amri ilikuja na adhabu, na mzigo wa jembe uliwaelemea zaidi wanawake. Wakulima walipinga, mpango ukavunjika kabla ya uhuru, na upinzani huo ukawa mbolea ya siasa za TANU milimani.

Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine, SECAP, kwa msaada wa Ujerumani. Huu ulianza na faida ambayo mkulima aliweza kuiona. Mistari ya majani na miti ilipandwa kukingama mteremko. Majani yakazuia udongo na papo hapo yakawa lishe ya ng'ombe wa zizini. Ng'ombe akatoa maziwa na samadi, samadi ikarudi shambani. Hifadhi ikawa sehemu ya chakula cha nyumbani.

Wasambaa wana maneno ya kale kwa jambo hili. "Kuzifya shi" ni kuiponya nchi. "Kubana shi" ni kuiharibu. Zamani maneno hayo yalimhusu mtawala: akitawala vema, mvua hunyesha na nchi hushiba. Leo yanamhusu kila mwenye shoka na kila anayejenga juu ya mteremko.

Juu ya mji kuna msitu wa Magamba, hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 9,000. Msitu hunasa ukungu na mvua, kisha hutoa maji kidogo kidogo kwa vijito wakati wa kiangazi. Wala faida yake haiishii milimani. Mito ya Mkomazi na Lwengera, inayopokea maji ya Usambara, huingia Mto Pangani juu ya mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Mti unaokatwa Usambara una uhusiano na taa inayowaka tambarare.

Kwa hiyo, anayetaka kuhamia Lushoto ajue kwamba haendi kupumzika ndani ya picha. Kiwanja atakachonunua huenda jana kilikuwa shamba la mtu, maji ya bomba lake hutegemea msitu, na mboga ya bei nafuu sokoni ni jasho la mama aliyepanda mteremko alfajiri. Mji utabaki kijani iwapo jembe hilo litaendelea kumlipa anayelishika.