Kipande cha Kroshia na Ujira wa Mkono

Juma hili tumeonelea tuzungumze na mama zetu na dada zetu juu ya kroshia, khasa kile kipande cha mraba kinachoanzia katikati kikakua mzunguko baada ya mzunguko. Wamarekani hukiita mraba wa bibi, na maelezo ya kukifuma yalichapishwa huko mwaka 1885 katika Prairie Farmer, gazeti la wakulima la Chicago. Vipande vingi vikiunganishwa huwa blanketi, nalo hupewa jina la watu wa Afghanistan, waliosifika kwa mazulia yao ya rangi.

Blanketi la sufu ni la nchi za baridi. Kwetu pwani, hata msimu wa kusi, litakuwa mzigo juu ya kitanda. Kipande chenyewe ndicho tunachokitaka, nacho kifumwe kwa uzi wa pamba, kwani uzi wa plastiki hautulii mwilini penye joto na jasho.

Wasiokijua, kazi ni hii. Fumeni vitanzi vinne, muviunge viwe pete. Ndani ya pete ingizeni makundi manne ya nguzo tatu tatu, na baina ya kundi na kundi vitanzi viwili. Hapo ndipo pembe. Mzunguko wa pili, kila pembe hupata makundi mawili yaliyotengwa kwa vitanzi viwili. Mama aliyeitwa na mtoto au na chungu kilicho motoni huweka kazi chini bila hasara, kwani kipande ni kidogo na mabaki ya nyuzi yanatosha.

La kwanza tunalolipendekeza ni mfuko wa sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini mwaka 2017, kila nyumba inahitaji kikapu au mfuko wake. Vipande 9 vya sentimita 10 kila upande vinatosha, jumla 18. Ndani utiwe bitana ya leso kuukuu, la sivyo ndimu zitatoka matunduni kabla hamjafika nyumbani. Foronya za mito na vitambaa vya makochi mnavijua wenyewe. Kwa mtoto mchanga tahadharini: vidole vyake hunasa katika matundu, basi kitambaa chake kifumwe kwa kubana.

Tuje kwenye bei, maana hapa ndipo dhulma huingia. Mto wa sentimita 40 kwa 40 unataka vipande 16 kwa upande mmoja. Tukadirie dakika 20 kwa kila kipande: ni dakika 320, zaidi ya saa tano, na bado kuunganisha. Kisha jirani huja, akausifu, akataka kulipa thamani ya uzi peke yake, eti mfumaji alikuwa amekaa tu. Sweta hufumwa na mashine viwandani, lakini kroshia ya kweli haijapata mashine. Kila kitanzi kimepita mkononi mwa mtu. Kile kinachouzwa rahisi dukani nacho kina mtu aliyepunjwa mahali fulani. Andikeni saa zenu katika daftari, muzihesabu pamoja na uzi, ndipo mtaje bei.

Na waume nao wasikie. Pato la mke ni lake kisheria. Halipunguzi nafaka wala kodi iliyo juu ya mume, wala halichukuliwi ila kwa ridhaa yake. Tunalisema kwa kuwa tumeletewa magomvi ya namna hii, na mara nyingi fedha zinazogombewa hazifiki hata bei ya mfuko wa unga.

Kazi ikikamilika, ioshwe kwa maji baridi, ikamuliwe bila kuisokota, kisha itandazwe kivulini juu ya taulo. Pamba iliyolowa ikitundikwa kambani huvutwa na uzito wake, na mraba hautarudi kuwa mraba.