Pingbian: Wilaya ya Wamiao Juu ya Reli ya Wafaransa

Kusini ya jimbo la Yunnan, nchini China, karibu na mpaka wa Vietnam, iko wilaya ya Pingbian. Tangu mwaka 1963 wilaya hii ina madaraka ya kujiendeshea mambo yake kwa jina la kabila la Wamiao, na katika Yunnan nzima ndiyo pekee iliyo ya Wamiao peke yao. Kwingineko wanashirikiana na makabila mengine.

Ili kuifahamu Pingbian hatuna budi kutazama kwanza miinuko yake. Mto Nanxi, unaoelekea Vietnam, hupita mahali palipo chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, ambako joto ni kali na migomba hustawi. Kilele cha mlima Dawei kinafika mita 2,365. Kati ya hapo na bondeni umetanda msitu wa mvua ambao ukipanda juu hugeuka kuwa msitu wa ukungu na baridi. Chini ya vivuli vyake wakulima hupanda iliki kubwa nyeusi, kiungo kinachopendwa sana katika mapishi ya China.

Wamiao hawakuwa wenyeji wa awali wa milima hii. Wengi walitoka kaskazini-mashariki, hasa Guizhou, ambako makabila yao yalipigana mara kwa mara na majeshi ya wafalme wa Qing. Vita vya mwisho vilivyo vikubwa vilianza mwaka 1854 na kuendelea hadi miaka ya 1870. Kila waliposhindwa, watu walihama, nao walipofika kusini walikuta mabonde yenye maji yamekwisha kushikwa na waliotangulia. Wakabakiwa na miteremko, wakalima mahindi. Wenyewe hujiita Hmong, na ndugu zao walivuka mpaka wakaingia Vietnam, Laos na Thailand. Baada ya vita vya Laos kwisha mwaka 1975, wengine walikimbilia hata Marekani.

Chini ya makao hayo ya milimani ndipo Wafaransa walipopitisha reli yao. Walikuwa wakiitawala Indochina, na mwaka 1898 waliibana serikali ya Qing hadi ikawaruhusu kujenga njia ya kufika Kunming. Reli ikakamilika mwaka 1910. Upana wake ni mita moja, sawa na reli ya kale ya kutoka Mombasa kwenda Kisumu, nayo iliwagharimu vibarua roho zao vilevile. Hesabu za Wafaransa wenyewe zilikadiria kwamba katika sehemu ya Yunnan walikufa watu wapatao 12,000, wengi wao kwa malaria, na bonde la Nanxi lilikuwa baya kuliko yote. Vibarua waliletwa kutoka mikoa ya mbali ya China, watu wasioijua homa ile.

Katika Pingbian reli ilikutana na korongo lenye kuta wima. Mhandisi Paul Bodin akabuni daraja la chuma lenye miguu miwili iliyotanuka, kila mmoja ukikanyaga ukuta wake. Wachina huliita daraja la herufi ya "mtu", kwa kuwa umbo lake ni kama herufi hiyo. Urefu wake ni mita 67 tu, nalo lina kimo cha mita 100 hivi juu ya maji. Lilijengwa kati ya 1907 na 1908, vipande vyake vikipandishwa kwa mabega ya watu na migongo ya nyumbu. Husimuliwa kuwa daraja hilo peke yake liliua watu 800.

Mwaka 1940, kwa kuhofia Wajapani waliokuwa wakiingia Indochina, Wachina waling'oa reli za bonde hili, nazo hazikurudishwa hadi mwaka 1957. Daraja lilinusurika.

Lakini kwa mkulima wa mlimani gari-moshi lilikuwa kitu cha kutazamwa kwa mbali. Mji mkuu wa wilaya uko juu, na kwa miongo mingi Pingbian ilihesabiwa miongoni mwa wilaya maskini za China. Tunaona hilo si ajabu: reli ilijengwa kwa ajili ya bandari ya Haiphong na soko la Kunming, si kwa ajili ya walima mahindi. Treni za abiria zilikoma mwaka 2003. Mwezi Desemba 2014 reli mpya, iliyo pana zaidi, ilifunguliwa kutoka Mengzi hadi Hekou ikipenya milima kwa mahandaki, na safari hii Pingbian ikapewa kituo chenye jina lake.