Ruaha Mkuu: Soma Kabla Hujanunua Shamba la Mpunga Usangu

Ndugu zangu wa ughaibuni, wengi wetu tunatamani kuwa na shamba la mpunga Usangu, wilayani Mbarali. Kabla ya kutuma fedha, tujue kwanza maji ya shamba hilo yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Yanatoka nyanda za juu za Mbeya na Njombe. Mito ya Chimala, Kimani, Mbarali na Ruaha Mkuu wenyewe hushuka hadi tambarare ya Usangu, ambako wakulima huyachepusha kwenye mabanio na kuyaingiza majarubani. Yanayobaki huingia Ihefu, eneo la ardhioevu linaloyatunza na kuyaachia polepole.

Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, Ng'iriama, nao una kizingiti cha mwamba. Maji yakipanda juu ya mwamba, mto hutiririka. Yakishuka chini yake, hata kama ndani ya Ihefu yamebaki mengi, hayatoki.

Tangu 1993, karibu kila kiangazi, maji hushuka chini ya mwamba huo, na mto umekuwa ukikauka mbele yake, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko hubanana kwenye madimbwi ya tope, samaki hufa, na tembo huchimba mchanga wakitafuta maji.

Kwa miaka mingi lawama ziliwaangukia wafugaji. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa Ihefu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi. Hata hivyo, mto uliendelea kukauka. Sababu kubwa iko kwenye mabanio: wakati wa kiangazi maji ya mtoni ni machache, na mengi yake huchepushwa. Mengine huendelea kutiririka kwenye mifereji hata mpunga ukishavunwa, yakaishia kutuama na kukauka juani.

Maji hayohayo yana kazi nyingi mbele ya safari. Chini ya hifadhi mto huingia bwawa la Mtera, lenye mtambo wa megawati 80, kisha Kidatu, megawati 204. Baada ya hapo hujiunga na Rufiji kuelekea mikoko ya delta na Bahari ya Hindi. Mkulima wa Usangu, askari wa wanyamapori, fundi wa umeme na mvuvi wa Rufiji wote wanategemea mto mmoja.

Sheria ya maji ya mwaka 2009 inataka anayechepusha maji awe na kibali cha bodi ya bonde, nazo jumuiya za watumia maji hupanga zamu na kufunga mabanio kiangazi. Kwa hiyo usiishie kuuliza bei ya heka. Uliza banio ni lipi, kibali kipo, na jumuiya inasemaje. Shamba lisilo na majibu hayo, usilinunue.