Msikiti Usio na Kuba

Chini ya vilima vya Margalla, mjini Islamabad, Pakistan, umesimama Msikiti wa Faisal. Hauna kuba, paa lake ni mfano wa hema la Waarabu wa jangwani, likizungukwa na minara minne myembamba ya Kituruki.

Msanifu wake, Vedat Dalokay wa Uturuki, alikwisha onja uchungu: msikiti aliouchora kwa ajili ya Ankara ulikataliwa kwa upya wa umbo lake, na misingi ikabomolewa. Pakistan iliposhindanisha wasanifu, akashinda. Ujenzi ulianza 1976 kwa fedha za Saudi Arabia, ukamalizika 1986.

Wengine walinung'unika: msikiti bila kuba? Lakini ukumbini hakuna nguzo ya kukata safu. Mkubwa na mdogo husali bega kwa bega.