Jinsi ya Kunyoosha Mashine ya Kusagia Kahawa

Watu wengi hudhani kwamba mashine ya kahawa ikianza kutoa chenga, dawa yake ni kuikaza tu. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka likizo iliyopita nilipojifunza kwamba kukaza ni jambo moja na kunyoosha ni jambo jingine.

Kwetu ni Kagunga, kaskazini mwa Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi. Bibi yangu huuza kahawa ufukoni kwa wasafiri wanaongoja boti. Buni yake hutoka milima ya Kalinzi. Huikaanga mwenyewe, kisha huisaga kwa mashine ya mkono. Nilipofika nilikuta wateja wamepungua. Wengine walilalamika juu ya chenga, wengine juu ya uchungu. Fundi mmoja alikuwa ameikaza mashine kwa nguvu, akalipwa, akaenda zake; tangu hapo unga ulitoka na vumbi la chuma. Bibi akaniambia, “Mjukuu wangu, mashine hii imekwisha. Afadhali tuiuze kama chuma chakavu.” Fedha ya kahawa ndiyo inayoninunulia madaftari, basi sikuweza kunyamaza.

Kwanza tufahamu mashine yenyewe. Ndani mna sahani mbili za chuma zenye meno. Moja imefungwa katika mwili wa mashine, haizunguki. Ya pili imeshikwa na mhimili, nayo huzunguka pamoja na mpini. Mbele kuna skrubu inayosukuma mhimili ili sahani zikaribiane, na nati ya kuizuia isilegee. Sahani moja ikiinama, upande mmoja zitagusana na upande wa pili zitaachana. Hapo unga laini na chenga hutoka pamoja.

Kwa nini jambo hili huharibu ladha? Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 2. Eneo la nyuso zake ni sentimita za mraba 24. Ukate uwe michemraba 8 ya sentimita 1, na eneo litakuwa 48. Kahawa ni ile ile, lakini maji yamepata mahali pa kugusa mara mbili. Kwa hiyo unga laini hutoa uchungu wake upesi, na chenga hubaki na ladha yake ndani.

Nilifanya hivi. Nilifungua mashine, nikasafisha sahani kwa brashi kavu, maana maji huleta kutu. Nyuma ya sahani isiyozunguka nilikuta masizi ya unga wa zamani yameganda; nikayakwangua. Kisha nilipaka chaki meno ya sahani zote mbili, nikaziunga, nikakaza polepole mpaka nikasikia zinagusana kidogo tu. Nikazungusha mpini mara moja, nikafungua tena kutazama.

Hapa ndipo penye siri. Chaki ikifutika mahali pamoja tu katika sahani isiyozunguka, lakini pande zote katika ile inayozunguka, basi iliyoinama ni ile isiyozunguka. Ikiwa kinyume chake, iliyoinama ni ile inayozunguka. Yetu ilikuwa isiyozunguka. Nilikata kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikakiweka nyuma yake, upande ule ambao chaki haikufutika. Nilirudia mara nne, mpaka chaki ikafutika sawasawa pande zote.

Mwisho nilikaza mpaka sahani zikagusana, nikarudisha skrubu robo mzunguko, nikakaza nati. Nilikuwa nimepima kwa rula: mizunguko 10 ya skrubu ile ni milimita 15. Kwa hiyo robo mzunguko ni kama milimita 0.4. Usisage mashine tupu sahani zikiwa zinagusana, maana meno yatalika na chuma kitaingia katika kahawa. Unga wa kwanza tuliumwaga.

Jioni ile Bibi alijaza dele, akaonja kabla ya mtu mwingine. Hakusema neno, alinimiminia kikombe cha pili. Kesho yake alirudi ufukoni, na habari ya chuma chakavu haikutajwa tena.

Basi, wenzangu, kitu kikikataa kufanya kazi, tusikimbilie kukikaza. Tutazame kwanza kama kimenyooka.

Mwanafunzi, Kidato cha 3