Fimbo za Tanuru Zinazojivika Kioo

Mtu atazamapo jiko la umeme huona waya uliopindwapindwa ukigeuka mwekundu. Waya huo hutengenezwa kwa nikeli na kromiamu, au kwa chuma kilichochanganywa na kromiamu na alumini, na kwa kazi ya kuchemsha chai au kupasha pasi moto unatosha kabisa. Lakini ziko kazi zitakazo moto mkali kupita huo. Waya wa nikeli ukifikishwa digrii 1,200 za sentigredi umekaribia mwisho wa nguvu zake, na ule wa chuma na alumini huishia karibu na 1,400. Chuma cha pua chenyewe huyeyuka karibu na digrii 1,500, na kauri ngumu huhitaji kuchomwa katika joto kama hilo au zaidi. Basi, katika tanuru la umeme lenye moto wa namna hiyo, ni kitu gani kinachowaka bila ya kuyeyuka wala kuteketea?

Katika matanuru mengi kitu hicho ni fimbo zilizofanywa kwa silisaidi ya molibdeni. Jina ni gumu, lakini maana yake si ngumu. Silikoni ni asili mojawapo iliyo nyingi sana katika ardhi. Ikiungana na oksijeni huwa mchanga mweupe na mawe ya kwarzi. Ikiungana na madini kama chuma au molibdeni, huwa silisaidi. Molibdeni nayo ni madini ya rangi ya kijivu, ambayo huchimbwa zaidi katika nchi za Uchina, Chile na Marekani. Jina lake latokana na neno la Kiyunani la risasi, kwa kuwa jiwe lake jeusi laini lilidhaniwa zamani kuwa namna ya risasi, au ni kitu kilekile kitumiwacho katika kalamu za kuandikia. Mtaalamu wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, alionyesha mwaka 1778 kuwa si hivyo, na mwaka 1781 mwenzake Peter Jacob Hjelm akafaulu kuyatoa madini yenyewe.

Molibdeni peke yake haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 2,600. Mtu angedhani kwamba fimbo ya molibdeni tupu ingefaa kabisa kwa tanuru. Sivyo. Ikipata moto mahali penye hewa, hushikana na oksijeni ikageuka kuwa oksaidi ambayo huyeyuka kabla ya digrii 800 na kupaa kama moshi mweupe. Fimbo huisha kama vile kambaa inavyoliwa na moto. Haikushindwa na joto. Imeshindwa na hewa.

Silikoni ndiyo inayoleta salama. Katika silisaidi hii kila atomu moja ya molibdeni imeshikana na atomu mbili za silikoni, yaani katika kilo 100 molibdeni ni kama kilo 63 na silikoni kilo 37. Fimbo ya namna hiyo ikitiwa moto mkali katika hewa, molibdeni iliyo juu kabisa hupaa, lakini silikoni hushikana na oksijeni na kubaki palepale. Huwa utando mwembamba wa kioo, uliokaza na kuifunika fimbo nzima. Oksijeni hupenya utando huo kwa shida sana, kwa hiyo kilicho ndani huwa katika himaya. Utando ukipasuka, silikoni iliyo chini hukutana na hewa, nayo hufanya kioo kipya na kuziba ufa ule. Fimbo hujitibu yenyewe wakati ingali kazini.

Jambo hili si geni kama lionekanavyo. Sufuria ya alumini haili kutu kama panga kwa sababu imejivika utando wake mwembamba usioonekana, na ukiikwaruza, utando mwingine hutokea mara moja. Kutu ya chuma ni kinyume chake: haikazi, humenyeka, na kila imenyekapo huacha chuma kipya kiliwe.

Kwa njia hiyo fimbo za silisaidi ya molibdeni huweza kuwaka mpaka zenyewe zifike digrii 1,800 na zaidi kidogo. Kampuni ya Kanthal ya Hallstahammar, katika Uswidi, ilianza kuziuza katika miaka ya 1950, na mpaka leo jina lake lajulikana sana katika kazi hiyo. Unga wa silisaidi huchanganywa na udongo laini kidogo, ukasukumwa kupitia katika tundu ili utoke kama fimbo ndefu, ukakaushwa na kuchomwa. Ni kazi ya mfinyanzi zaidi kuliko ya mhunzi.

Hata hivyo kitu hiki kina ugonjwa wa ajabu. Kikiwa katika moto mkali hukaa salama miaka. Kikiachwa katika moto wa wastani, kati ya digrii 400 na 600, huweza kugeuka unga. Wataalamu walianza kuieleza hali hiyo katika miaka ya 1950, wakaiita tauni, na jina hilo linafaa, maana fimbo iliyoonekana nzima yaweza kupatikana imekuwa vumbi. Sababu ni hii. Katika joto dogo oksaidi ya molibdeni hufanyika, ila haina nguvu ya kupaa. Hukwama katika nyufa na vitundu pamoja na kioo, ikavimba, ikapanua ufa, na hewa ikapata njia ya kuingia ndani zaidi. Fimbo iliyokazwa vizuri isiyo na vitundu haishikwi upesi. Hata hivyo fundi mwangalifu hulipitisha tanuru katika joto hilo bila ya kukawia, na watengenezaji huzichoma fimbo mpya kwanza katika moto mkali ili zitoke kiwandani zimekwisha kuvaa kioo.

Ana mengine ya kuangalia pia. Fimbo ikiwa baridi huvunjika kama kigae, na ikiwa katika moto mkubwa hulegea na kupinda. Ndiyo maana huning'inizwa kutoka juu ya tanuru zikiwa na umbo la herufi U. Tena, zikiwa baridi hupitisha umeme kwa urahisi mno, na zikipata moto upinzani wake huongezeka zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo umeme huanza kutiwa kwa kiasi kidogo, ukaongezwa polepole.

Zaidi ya viwanda vya kioo na vya kauri, fimbo hizi siku hizi zimo katika vitanuru vidogo vya mafundi wa meno. Jino la bandia la zirkonia, ambayo ni kauri nyeupe ngumu, huchomwa karibu na digrii 1,500. Kioo cha fimbo kikichakaa, vumbi na mvuke wake huliangukia jino nalo hutoka na rangi ya manjano, likawa la kutupwa, na mgonjwa akangoja lingine. Dawa yake ni kuliwasha tanuru likiwa tupu mpaka moto mkali kabisa, ili fimbo zijivike upya.

Ziko pia hewa zinazokishinda kioo hiki. Katika haidrojeni kavu, kwa mfano, utando huliwa na haurudi, kwani hakuna oksijeni ya kuufanya mwingine. Kwa matanuru ya namna hiyo watengenezaji wametia alumini mahali pa sehemu ya silikoni. Fimbo hizo hazivai kioo tena, bali huvaa oksaidi ya alumini, ambayo ni utando wa namna ileile uliojifunika sufuria jikoni.