Maji Baridi Juu ya Maji ya Chumvi: Kwa Nini Visima vya Mafia Vinahitaji Tahadhari

Na Mwandishi Wetu, Kilindoni

Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani, hakina mto mkubwa. Hivyo wananchi wake hutegemea sana maji ya ardhini. Maji hayo ni mvua iliyopenya kwenye mchanga na miamba ya matumbawe, kisha ikaelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi.

Kanuni ya hali hiyo ilielezwa na mhandisi Mholanzi, Willem Badon Ghijben, mwishoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1901 ilielezwa pia na Mjerumani, Alexander Herzberg, aliyechunguza visima vya kisiwa cha Norderney, Bahari ya Kaskazini. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari huashiria takribani mita 40 chini ya usawa huo.

Hatari ipo katika kinyume chake. Pampu ikishusha maji ya kisima kwa mita 1, mpaka wa maji ya chumvi chini yake huweza kupanda kwa takribani mita 40. Kisima kikishaingiwa na chumvi, huchukua muda mrefu kurejea katika hali yake.

Kwa sababu hiyo, inashauriwa visima vichimbwe mbali na ufuo, visizidi kina kinachohitajika, na maji yavutwe kwa kiasi. Aidha, kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye mapaa hupunguza mzigo wa visima hivyo.